Maswali na majibu: Pakiti ya kihisi iwe na baiti ngapi? (Mmeuliza tena)

Barua za safari hii ni nyingi, na kumi na moja kati yake zinauliza swali lile lile kwa maneno tofauti. Nimechagua moja kwa niaba ya zote, kisha nikaongeza machache yenye kichwa na miguu. Walioniuliza betri gani ni nzuri wasubiri. Betri nilishazisema hadi mdomo ukakauka.

Kwa mgeni wa safu hii: kichwa ni zile baiti za anwani na ukaguzi ambazo redio hubeba utake usitake, na mzigo ni data yako. Mengine mnayajua.

Shikamoo fundi. Naandika tasnifu kuhusu mitandao ya vihisi visivyo na waya. Ukubwa bora wa pakiti ni baiti ngapi? Namba tu inatosha.
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Umeingia kwa fundi cherehani ukasema unataka kujua mita za kitambaa cha shati, na mvaaji umemwacha nyumbani. Redio gani? Umbali gani? Unatuma kila baada ya muda gani? Nani mwingine yuko kwenye masafa hayo? Hukusema hata kimoja, na wenzako kumi nao hawakusema.

Namba unayoitafuta naijua. Unataka nikuambie 28 au 29, kwa sababu umeikuta kwenye makala nyingi za zamani ukadhani ilipatikana kwa utafiti. Haikupatikana kwa utafiti. TinyOS, mfumo wa kuendeshea vihisi, toleo la kwanza ilikuja na nafasi ya mzigo ya baiti 29, toleo la pili ikaja na 28. Watu wakaipakua, hawakugusa kitu, wakapima, wakachapisha. Aliyefuata akanukuu. Ndivyo mpangilio wa kiwandani ulivyogeuka kuwa elimu.

Haya, hesabu. Pakiti ndefu hugawana gharama ya kichwa kimoja, lakini ikiharibika biti moja tu, pakiti nzima inatupwa. Ukichukulia kwamba biti zinaharibika moja moja bila kufuatana, na kwamba kilichoharibika hurudiwa, basi mzigo bora unakaribia hivi: chukua kichwa kwa biti, gawa kwa uwezekano wa biti moja kuharibika, tafuta kipeuo cha pili, kisha toa nusu ya kichwa.

Tuijaribu kwa IEEE 802.15.4 ya GHz 2.4, kiwango cha redio za vihisi vingi. Kwa anwani fupi kichwa ni baiti 17: baiti 6 za kuamsha mpokeaji na kumwambia urefu, na 11 za anwani, namba ya mfuatano na ukaguzi. Hizo ni biti 136. Ikiharibika biti moja kati ya 1,000, mzigo bora unakuja kama baiti 38. Ikiharibika moja kati ya 10,000, unakuja baiti 137. Lakini fremu ya redio hiyo, yaani pakiti bila zile 6 za kuamsha, haizidi baiti 127, na 11 zimeshaliwa, kwa hiyo umebaki na 116. Maana yake ni kwamba kiungo, yaani njia ya hewani kati ya redio mbili, kikiwa kizuri hesabu inakuambia ujaze gari mpaka lijae, na hakuna cha kuumiza kichwa.

Sasa rudi kwenye zile 38 nzuri ulizokuwa tayari kuziandika. Kwa kosa la moja kwa 1,000, pakiti yenye mzigo huo na kichwa chake inafika salama kwa uwezekano wa asilimia 64 hivi. Zaidi ya theluthi inapotea, na huo ndio ukubwa *bora*. Kiungo cha namna hiyo dawa yake ni kusogeza kifaa au kuinua antena. Kikokotoo hakisaidii.

Halafu biti hazifi moja moja. Wi-Fi ya jirani ikianza kupakua filamu, inafunika pakiti yako yote, fupi kwa ndefu. Kabla hujakata pakiti vipande, hamisha redio kwenye chaneli ya 25 au 26, ambazo ziko nje ya chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi, upime tena. Mara nyingi swali la ukubwa hufia hapo.

Akyildiz na wenzake walipiga hesabu ya aina hii kwa ajili ya vihisi mwaka 2003, wakaingiza nishati ya kuwasha redio na ya misimbo ya kurekebisha makosa. Isome hiyo, hasa uone jinsi misimbo ya BCH ilivyoishinda ile ya konvolusheni kwa nishati (ni aina mbili za misimbo hiyo). Kisha kwenye tasnifu yako andika redio, kichwa, na kiwango cha makosa ulichopima *wewe*, ndipo uandike namba. Msimamizi akiuliza imetoka wapi, usimtaje fundi.

Kwa nini nRF24L01 yangu inakataa kutuma baiti 33?
*Morogoro*

Chumba cha mzigo ndani ya chipu hiyo ya redio ni cha baiti 32. Imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo, ile ambayo hukuifungua.

Habari za kazi fundi. Nina vifaa vya LoRaWAN, mtandao wa redio za kufika mbali, kwenye mashamba ya parachichi. Vilivyo karibu na lango (kipokezi cha mtandao) vinaleta data vizuri. Vya mbali vinajiunga na mtandao, halafu havileti hata pakiti moja. Antena nimebadilisha mara mbili. Natuma JSON (maandishi ya jina na thamani yake) ya joto, unyevu na betri, majina kwa Kiingereza.
*Njombe*

Antena za kwanza hazikuwa na kosa. Kama duka linapokea, zirudishe hizo mpya.

Nimehesabu herufi za ile JSON uliyonitumia, yenye 24.56, 71.20 na 3.71. Ni 53. Kwenye mpangilio wa 868 wa Ulaya, kuanzia SF12 hadi SF10 mzigo hauruhusiwi kuzidi baiti 51 (SF ni ngazi ya mwendo: ikiwa kubwa ishara inafika mbali lakini polepole). SF9 inaruhusu 115, na SF8 na SF7 zinaruhusu 222. Kifaa cha karibu na lango kinaongea kwa SF7, kinapita. Cha mbali mtandao umekipeleka SF12, na huko baiti 53 haziingii. Maktaba ya programu inayoendesha redio inarudisha msimbo wa kosa, na programu yako haiusomi. Umehangaika na antena kwa ajili ya baiti mbili.

Nilijaribu kubadilisha majina kwa Kiswahili: joto, unyevu, betri. JSON ile ile ikashuka hadi herufi 42. Lugha ya taifa imekuokolea baiti 11. BAKITA wapewe taarifa. Ila usishangilie, kwa sababu 42 nazo ni aibu.

Tazama unachosema kwa kweli. Joto la shambani halitoki nje ya digrii 20 chini ya sifuri hadi 107, na vihisi vya joto vya DS18B20 na DHT22 vyenyewe vinaahidi kukosea hadi nusu digrii juu au chini. Basi hesabu kwa nusu digrii, baiti moja inakutosha. Hiyo 24.56 ina desimali za kujipamba. Unyevu, baiti moja. Betri, anzia volti 2.00, ongeza moja ya mia ya volti kwa kila hatua, baiti moja inakufikisha 4.55. Jumla baiti 3. Mabano, alama za nukuu na nukta mbili ziongezwe upande wa seva, ambako umeme ni wa ukutani.

Kinachonishangaza ni kwamba ni sisi hawa hawa tulioandika "nmefka slm" ili SMS isivuke herufi 160. Leo tunatuma mabano hewani kwa betri ya penseli.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo lenye faida. Kwenye LoRa, redio inayobeba LoRaWAN, muda wa hewani haupandi baiti kwa baiti, unapanda ngazi. Kwa SF12, upana wa kHz 125 na usimbaji wa 4/5, kila ngazi ni baiti 5 na inagharimu sekunde 0.16. LoRaWAN inaongeza kichwa chake cha baiti 13. Ukipiga hesabu, mzigo wa baiti 1 unakaa hewani sekunde 1.16. Mzigo wa baiti 8 unakaa sekunde 1.48. Wa baiti 9, 10, 11 na 12 nao ni sekunde 1.48 ile ile. Wa 13 unaruka hadi 1.65. Na ule wa mwisho, 51, sekunde 2.79.

Soma tena hapo. Baiti moja inakula sekunde 1.16 na baiti kumi na mbili zinakula 1.48. Nauli kubwa ni ya kupanda gari, mkungu wa pili wa ndizi ni nyongeza ndogo. Kwa hiyo mimi nisingetuma baiti 3. Ningetuma 12: kipimo cha sasa na vitatu vilivyotangulia. Zikipotea pakiti tatu mfululizo, ya nne inakuja na kila kitu, na hukuomba mtu akurudishie chochote.

Ila kumbuka kikomo. Asilimia 1 ya muda, ambayo ndiyo kanuni za masafa hayo zinakuruhusu kukaa hewani, ni sekunde 36 kwa saa, na ukitumia mtandao wa jumuiya wa The Things Network, sera yao ni sekunde 30 kwa *siku* kwa kila kifaa. Kwa SF12 hizo ni pakiti 20. Anayetaka kipimo kila dakika kutoka kilomita kumi aongeze lango au apunguze hamu.

Assalam aleikum. Kihisi changu cha joto kiko chini ya maji ya bahari, mita tatu, na kinatumia GHz 2.4. Pakiti iwe ya ukubwa gani ili ifike juu?
*Zanzibar*

Waaleikum salaam. Sifuri. Maji ya chumvi yanaimeza GHz 2.4 ndani ya sentimita chache. Teremsha kihisi kwa waya, redio ibaki juu ya boya.

Fundi, natuma kutoka Arduino Uno kwenda ESP32 kwa nRF24. Pande zote mbili nimenakili muundo ule ule wa data: baiti moja ya namba ya kifaa, kisha namba ya desimali ya joto. ESP32 inasoma joto la ajabu ajabu. Nimeambiwa nipunguze pakiti.
*Thika*

Aliyekuambia upunguze pakiti amekuambia ukate mguu kwa sababu kiatu kimebana. Muundo ni mmoja, ila mashine hizo mbili haziupangi sawa. Uno inapanga baiti moja na zile nne za desimali bila nafasi, jumla 5. ESP32 inapenda namba ya baiti nne ianzie mahali panapogawanyika kwa nne, kwa hiyo inaacha baiti tatu tupu katikati, jumla 8. Wewe unatuma 5, yeye anasoma joto lako kuanzia mahali ambapo joto halipo.

Na kuna mtego mwingine unakusubiri: `int` ya Uno ni biti 16, ya ESP32 ni 32. `double` ya Uno ni baiti 4, ya ESP32 ni 8. Tumia aina zenye urefu uliotajwa, `uint8_t`, `int16_t` na wenzao, na uziweke mwenyewe kwenye safu ya baiti moja baada ya nyingine. Kunakili muundo mzima kwenda hewani ni uvivu ninaoujua vizuri, maana niliufanya miaka miwili.

Na hiyo desimali, soma nilivyomjibu mwenzako wa Njombe.

Mambo fundi. Nimesoma kuwa pakiti fupi huokoa betri. Nina TelosB (vifaa vya vihisi) za chuo, nimeshusha mzigo kutoka baiti 60 hadi 20. Vifaa vinaamka kila nusu sekunde kusikiliza. Betri bado zinaisha vile vile. Nishushe hadi 10?
*Kisumu*

Poa. Usishushe. Ukishusha hadi 10 utakuwa umefunga bomba linalodondosha tone huku la uani limeachwa wazi.

Kwenye kilobiti 250 kwa sekunde, baiti moja inachukua maikrosekunde 32. Baiti 40 ulizoziondoa ni milisekunde 1.28. Sasa angalia mtumaji anafanya nini. Mpokeaji amelala, anaamka kila milisekunde 512. Mtumaji hajui ataamka lini, kwa hiyo anasimama mlangoni akipiga hodi, hodi, hodi, mpaka afunguliwe. Wakati mwingine anafunguliwa mara moja, wakati mwingine anangoja nusu sekunde nzima. Kwa wastani ni milisekunde 256. Umeokoa 1.28 katika 256. Nusu ya asilimia moja! Ukipima kwa mita ya kawaida hutaiona, na ndiyo maana hukuiona.

Hapa ndipo ushauri wa "pakiti fupi" unapotosha watu. Ulitoka kwenye hesabu ambazo mpokeaji yuko macho muda wote, anasubiri. Mpokeaji wa namna hiyo hana maisha: redio ya CC2420 iliyo ndani ya TelosB inakula miliampea 18.8 ikisikiliza na 17.4 ikituma kwa nguvu ya juu. Ndiyo, kusikiliza kunakula kuliko kusema. Betri mbili za AA za mAh 2,500 zikisikiliza bila kulala hazimalizi siku sita. Kwa hiyo tunawalaza wapokeaji, na tukishawalaza, gharama inahamia kwenye hodi. Mzigo unakuwa karibu bure.

Fanya kinyume cha ulichofanya. Kama unatuma kipimo kimoja kila dakika, kaa na vipimo kumi, vitume kwa pakiti moja kila dakika kumi. Hodi moja badala ya kumi. Rudisha mzigo hadi 60, hadi 100 ukitaka. Hapo utaona betri imebadilika.

Gharama yake: data inachelewa, na pakiti moja ikipotea umepoteza vipimo kumi kwa mpigo. Kwa unyevu wa udongo hakuna atakayelia. Kwa king'ora cha moto usithubutu.

Hili la kukusanya kwanza si geni kwenye ardhi yenu. Januari 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia wa Laikipia kola zenye GPS. Kola hazikuwa na mnara wa kuongea nao. Zilihifadhi safari ya mnyama ndani, zikapeana data pundamilia walipokaribiana, na mtafiti akazichukua alipopita. Hakuna aliyemkimbilia pundamilia kumwuliza yuko wapi kila dakika.

Na kama unaweza kurefusha usingizi wa mpokeaji au kuufupisha, pima pande zote mbili kabla hujaamua. Usingizi mrefu unampa raha mpokeaji na kumchosha mpiga hodi. Mtandao wenye watumaji wengi wanaoongea mara nyingi hautaki usingizi mrefu.

Nataka kutuma picha za mtego wa wadudu kwa LoRa, kilobaiti 20 kila moja. Nikate vipande vya ukubwa gani?
*Mbeya*

Usikate. Kwa SF7, vipande vya baiti 222, picha moja ni pakiti 91 na zaidi ya sekunde 33 hewani. Umemaliza karibu kikomo chote cha saa nzima kwa picha moja, na hapo uko karibu na lango na hakuna kilichopotea. Kwa SF12 ni pakiti 393, na ukiheshimu asilimia 1, picha ya leo asubuhi itamaliza kufika kesho alasiri. Hesabu wadudu ndani ya kifaa, tuma idadi. Picha ibaki kwenye kadi ya kumbukumbu mpaka mtu aende na pikipiki.

IPv6 inataka pakiti ya baiti 1,280, redio yetu inabeba 127. 6LoWPAN inakatakata na kuunganisha, kwa hiyo tatizo limekwisha, si ndiyo?
*Mhadhiri msaidizi, Nairobi*

Siyo, na wewe unawafundisha wengine, kwa hiyo nitasema polepole.

Kukata kunawezekana, 6LoWPAN, ule utaratibu wa kubeba IPv6 (anwani za intaneti) kwenye redio ndogo, ilikuweka wazi mwaka 2007. Baiti 1,280 zinakuwa vipande 14 hivi, kila kimoja na kichwa chake cha ziada cha baiti 4 au 5. Kikipotea kimoja, mpokeaji anatupa vyote. Kama kila kipande kinafika kwa asilimia 95, ambacho watu wengi wangekiita kiungo kizuri, uwezekano wa vyote 14 kufika ni chini ya nusu. Ukirudia kutuma ngazi ya kiungo utapunguza maumivu, lakini ongeza hatua tatu nne kati ya kifaa na lango uone hesabu inakokwenda. Vipande pia vinakaa kwenye kumbukumbu ya kifaa cha katikati chenye kilobaiti 10 za RAM, vikisubiri mwenzao ambaye hatakuja. RFC 8931, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 2020, imeleta njia ya kurudisha kipande kilichopotea peke yake. Muulize muuzaji wako kama kifaa chake kinaijua.

Kukata ni tairi la akiba. Lipo kwa dharura, hulitumii kwenda nalo Mombasa kila wiki. Pakiti ya kila siku iingie kwenye fremu moja. Kichwa cha IPv6 cha baiti 40 na cha UDP cha 8 vinabanwa sana kwa RFC 6282, tangu 2011. Nimeona mitandao ambayo ubanaji huo umezimwa ili pakiti "zisomeke vizuri" wakati wa majaribio, na ukaachwa umezimwa moja kwa moja. Chunguza wako.

Kila pakiti iombe risiti, au nitume tu na kuomba Mungu?
*Arusha*

Kuomba Mungu ni vizuri kwa vyovyote. Kwa IEEE 802.15.4 omba risiti pia: ni kipakiti cha maikrosekunde 352, na baada ya majaribio matatu ya kurudia redio inaacha yenyewe. Rahisi.

Kwa LoRaWAN usiombe. Lango likianza kukujibu wewe, kwa wakati huo halisikii mtu mwingine yeyote, na nalo lina kikomo chake cha muda wa hewani. Vifaa hamsini vikidai risiti, lango linakuwa karani wa risiti, kazi ya kusikiliza imekwama. Wasiojibiwa wanarudia kutuma, fujo inaongezeka. Rudia vipimo vya nyuma ndani ya pakiti mpya kama nilivyoeleza juu.

Nikiondoa ile MIC ya ukaguzi wa usalama nitaokoa baiti 4 kwa kila pakiti.
*Hakusema anakotoka*

Na jirani yako atafungua vali ya maji kwa kifaa cha shilingi elfu ishirini. Acha.

Fundi, kwenye simulesheni pakiti za baiti 100 zinafika asilimia 100. Shambani zinafika 60. Kosa liko kwenye ukubwa?
*Mwanafunzi, Iringa*

Kosa liko kwenye simulesheni, ambayo haina mahindi. Majani mabichi ni maji yaliyosimama wima, na uliweka antena kwenye usawa wa mbuzi. Ulipopima mwezi wa kwanza mahindi yalikuwa magotini, sasa yamekupita kichwa.

Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi walitandaza vifaa karibu 100 kwenye shamba la viazi. Watu wenye akili, vifaa vya maana. Mwisho wa msimu walikuwa wamepata asilimia 2 ya data. Yaliyowakuta wakayaandika yote hadharani bila kuficha, nami nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Matoleo mawili ya programu yalichanganyika shambani, vifaa vikabaki vinapelekeana masasisho bila kukoma mpaka betri zikaisha. Ukubwa wa pakiti haukuwamo kwenye matatizo yaliyowamaliza.

Chukua vifaa viwili tu. Kimoja kitume pakiti 1,000 za baiti 20, kisha 1,000 za baiti 100, ukibadilishana kila dakika chache ili hali ya hewa isipendelee upande mmoja. Fupi zikifika 95 na ndefu 60, ndipo tuongee ukubwa. Zote zikifika 60, tafuta ngazi upandishe antena. Fanya asubuhi kukiwa na umande, na mchana. Andika urefu wa mahindi.

Namba ya mfuatano ya pakiti iwe baiti moja au mbili? Natuma kila dakika kumi kwa nRF24.
*Musoma*

Hatimaye mtu ameuliza swali akataja redio na muda. Mbili. Ya baiti moja inazunguka na kurudi sifuri baada ya saa 42 na dakika 40. Kifaa kikinyamaza tangu Ijumaa jioni, Jumatatu hutajua umepoteza pakiti ngapi. Ya baiti mbili inakaa siku 455. Na usitegemee ile namba ya ndani ya nRF24, ni biti 2 tu, inamsaidia mpokeaji kutambua nakala ya pakiti iliyorudiwa, basi.

Ongeza na baiti ya tatu ya kuhesabu mara ambazo kifaa kimewaka upya, maana kikizimika namba yako inaanza sifuri na utadhani ni kifaa kipya. Hiyo ya tatu iandike kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, wakati wa kuwaka tu. EEPROM ya Uno imeahidiwa kuandikwa mara 100,000. Ukiandika kwa kila pakiti, sehemu hiyo utaimaliza kabla ya miaka miwili, halafu utaniandikia kuuliza betri gani ni nzuri.